Adha ya Poizoni Aivi na Wakati wa Kila Dawa

Katika mimea yote imdhuruyo mtu kwa kuguswa tu, hapana uliowaadhibu watu wengi wa Amerika ya Kaskazini kama huu ambao wenyeji wa huko huuita poizoni aivi, mmea utambaao kandokando ya njia, katika nyua za nyumba, kwenye kingo za mito na juu ya mashina ya miti mirefu, tangu mashariki ya Kanada hata Mexico. Mtu aliyelelewa Tanga, Lamu au Kigoma, akahamia nchi hizo kwa masomo, kwa kazi au kwa ukimbizi, huwa amekwisha kuujua upupu tangu utoto wake, na kwa kuujua upupu hudhani kwamba hakuna jani litakalomshangaza. Upupu, hata hivyo, hutangaza ubaya wake papo hapo: vinyweleo vyake huingia katika ngozi na mwasho huanza kabla mtu hajavuta pumzi ya pili. Mmea huu wa Amerika hunyamaza siku moja au mbili, na kwa mtu ambaye hajapata kudhuriwa nao hunyamaza hata majuma mawili au matatu, mpaka aliyeugusa amesahau njia aliyoipita, ndipo ngozi yake inapoanza kuwaka, kuvimba na kutoa malengelenge yaliyojipanga mistari mistari kama alama za fimbo.

Wengi hupata vipele vichache vikapita vyenyewe. Nia yangu hapa ni kuwazungumzia wasiopata nafuu hiyo: mtu ambaye macho yake yamefumbwa na uvimbe, ambaye vidole vyake haviwezi kufunga kifungo cha shati, ambaye anaingia usiku wa tatu bila ya usingizi, na ambaye jamaa na majirani, kwa mapenzi mema, wanamletea kila mmoja dawa yake. Nimesadiki, baada ya kuitazama habari hii kwa pande zake, kwamba dawa zifaazo zipo na zinajulikana, na kwamba sehemu kubwa ya mateso hutokana na kuitumia dawa ya haki katika saa isiyo yake. Sabuni ina dakika zake, krimu ina siku zake, vidonge vina majuma yake. Na mgonjwa asiyefahamishwa utaratibu huo hujikuta anajisugua kwa sabuni siku ya nne, wakati haina kazi tena, na kuviacha vidonge siku ya sita, wakati kazi yake haijafika nusu.

Yafaa kwanza tuujue mmea wenyewe. Kila jani lake limegawanyika vijani vitatu, cha katikati kikiwa na kikonyo kirefu kuliko vile viwili vya ubavuni, na vya ubavuni aghalabu vikiwa vimepinda upande, yaani nusu moja ni pana kuliko nyingine. Wakati wa kuchipua majani huwa na wekundu na mng'ao. Katika kiangazi huwa ya kijani. Majani ya miti yaanzapo kupukutika, haya hugeuka kuwa mekundu na ya manjano yenye kupendeza sana, na wapo watoto waliodhurika kwa kuyachuma kwa ajili ya uzuri wake. Matunda yake ni madogo, meupe yenye kuelekea manjano. Ukipanda mti hushika gome kwa mizizi midogo mingi yenye sura ya manyoya, na shina hilo lenye manyoya ni mojawapo ya dalili zinazobaki katika majira ya baridi, majani yakiisha, ilhali sumu ingalimo vilevile ndani ya shina na mizizi. Mmea huu una ndugu zake: mmoja huota upande wa pwani ya Pasifiki, mwingine katika mabwawa ya mashariki, na wote wana mafuta yayo hayo.

John Smith, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa walowezi wa Kiingereza huko Virginia, aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1624, akiufananisha kwa umbo na mtambaa unaoparamia kuta za kwao Uingereza, akaeleza wekundu, mwasho na malengelenge yanayomwandama aliyeugusa, akaongeza kwamba mambo hayo hupita yenyewe bila ya kuacha madhara makubwa. Kwa nasaba, lakini, haukaribiani hata kidogo na mtambaa huo wa Ulaya. Jamaa zake tunao sisi viamboni mwetu: ni mwembe na mkorosho.

Jambo hili la nasaba si la wataalamu wa mimea peke yao, kwa sababu lina faida kwa kila mtu wa pwani anayetaka kuelewa kinachompata. Sumu ya poizoni aivi ni mafuta yaitwayo urushioli, yaliyomo ndani ya mifereji ya utomvu, ambayo hutoka jani linapopondwa, linapochanwa au linapotafunwa na mdudu. Rikō Majima, mkemia wa Kijapani, ndiye aliyebainisha umbile la mafuta hayo mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akichunguza utomvu wa mti wa ukoo huohuo ambao mafundi wa Japani huutumia kung'arisha vyombo vya mbao. Katika ganda la korosho mna mafuta yenye umbile la kukaribiana na hayo. Anayetoka Mtwara, Lindi au Tunduru hana haja ya kusimuliwa habari zake, kwa kuwa ameona vidole vya wabanguaji vilivyobabuka na kuwa vyeusi, na anajua sababu inayowafanya wabanguaji wajipake mafuta au majivu kabla ya kuanza kazi. Kadhalika utomvu utokao kikonyoni mwa embe, na hata ganda la embe lenyewe, vina mafuta ya jamii hiyo; na mtoto aliyemenya embe kwa meno, akatoka vidonda pembeni mwa mdomo, ameonja kidogo, bila ya kujua, adha ambayo ng'ambo ya bahari huwalaza watu kitandani.

Undugu huu ulidhihirika kwa namna ya ajabu mwaka 1982, katika jimbo la Pennsylvania, ambako klabu ya michezo ya watoto iliuza korosho zilizotoka Msumbiji ili kupata fedha za matumizi yake. Watu 54 walipatwa na upele wenye mwasho mkali, hasa kwenye mikunjo ya mwili, makwapani na kinenani, nao hawakuwa wamegusa mmea wowote. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba ndani ya zile korosho mlikuwa na vipande vya maganda. Wamarekani, ambao wengi wao miili yao imekwisha kuchokozwa na poizoni aivi tangu utoto, walikuwa wamemeza jamaa ya adui yao wa zamani, na miili yao ikamtambua. Korosho iliyobanguliwa ikatakaswa na kukaangwa vyema haina hatari hiyo.

Kisa cha pili ni cha maembe. Mwaka 2005 matabibu wa Israeli walieleza habari za vijana wa Kimarekani waliokwenda kuchuma maembe katika nchi hiyo wakapatwa na upele, huku wenzao wa Israeli, waliokuwa wakichuma nao bega kwa bega, hawakupatwa na lolote. Wamarekani wale walitoka katika nchi ya poizoni aivi. Waisraeli walikuwa hawajauona mmea huo maishani mwao. Matabibu wale walitoa rai kwamba huenda mtu anayekula embe tangu uchanga wake, kabla ya kudhuriwa na mafuta hayo kwa njia ya ngozi, mwili wake huyazoea. Rai hiyo inavutia, nami nimekwisha kusikia watu wakiitegemea, wakisema kwamba mtu aliyekulia chini ya miembe hawezi kuungua kwa jani la Amerika. Nawasihi wasiitegemee. Kuzoea embe si hirizi ya kuingilia vichaka vya Virginia, na ngozi nyeusi haina kinga ambayo ngozi nyeupe imenyimwa.

Sasa tuingie ndani ya mwili, maana hapo ndipo penye asili ya makosa mengi. Urushioli hauunguzi kama moto wala kama tindikali. Ukipenya katika ngozi hubadilika, ukajifunga na protini za ngozi yenyewe, na protini hizo zikawa na sura ngeni mbele ya kinga ya mwili. Seli za ulinzi zilizomo ngozini huipeleka sura hiyo ngeni kwenye tezi za limfu, na huko chembe nyeupe za damu za namna ya T huifahamu, zikaongezeka, zikarudi ngozini kuipiga vita. Mara ya kwanza kazi hii ya kuitambua huchukua siku 10 hadi 21, na aghalabu mafuta huwa yamekwisha kuondoka kabla haijakamilika, ndiyo maana mtu huweza kung'oa mmea huu kwa mikono mitupu katika kiangazi cha kwanza asidhurike, akajisifu kwamba yeye hadhuriki. Mara ya pili zile chembe zimekwisha kumjua mgeni. Hazihitaji ila saa 12 hadi 48, na vita huzuka mahali popote yalipogusa mafuta. Ngozi inayovimba, inayopasuka na kutoa maji imeshambuliwa na ulinzi wa mwenyewe. Kiasi cha mafuta kinachotosha kuwasababishia upele watu wazima walio wengi ni maikrogramu 50, nacho ni uzito mdogo kuliko wa punje ya chumvi ya mezani.

Lau watu wangelielewa jambo hili moja, wangeliondokewa na hofu nyingi. Upele huu hauambukizi, na mama mwenye upele aweza kumbeba mtoto wake bila ya kumdhuru, maadamu mafuta yamekwisha kuoshwa. Maji yanayotoka katika malengelenge ni maji ya mwili wenyewe na hayana sumu ndani yake, kwa hiyo hayauenezi upele hata yakichuruzika. Kinachowadanganya watu ni kwamba vipele havitoki vyote siku moja: penye ngozi laini, kama uso na upande wa ndani wa mkono, hutoka upesi, na penye ngozi nene, au palipopata mafuta machache, hukawia siku kadhaa, na mgonjwa akiona vipya kila asubuhi huamini kwamba maradhi yanatembea. Lakini pana jambo jingine la kuhadhari nalo. Ikiwa vipele vipya vinazidi kutoka baada ya juma zima, basi yamkini mafuta yangalipo mahali fulani: kwenye viatu na kamba zake, kwenye mpini wa jembe, kwenye usukani wa gari, kwenye manyoya ya mbwa, ambaye mwenyewe hadhuriki lakini humletea bwana wake sumu kila ampapasapo. Mafuta haya yakikauka juu ya chombo hukaa miezi mingi, na pengine miaka, bila ya kupoteza ukali wake.

Dakika za kwanza, basi, ni za maji na sabuni. Mtu akijua kwamba amegusa mmea huu na aache kila kitu, ajioshe kwa maji mengi ya baridi au ya uvuguvugu, kwa sabuni iondoayo mafuta, kama ile ya kuoshea vyombo, akijisugua kwa kitambaa na kusuuza tena na tena, asisahau chini ya kucha. Katika dakika 10 za mwanzo mafuta mengi huweza kuondolewa. Baada ya nusu saa huondoka machache. Ikipita saa moja yaliyokwisha kuzama ngozini hayafikiki tena, ingawa kuosha kungali na faida ya kuyaondoa yaliyobaki juu yasipelekwe mahali pengine. Mfanyakazi wa bustani anayengoja hata jioni arudi nyumbani ndipo aoge, amechelewa. Na msimamizi asiyewapa watu wake maji na sabuni palepale shambani anawadhulumu, kwa kuwa gharama ya ndoo moja ya maji haiwezi kulinganishwa na majuma matatu ya mtu asiyeweza kushika kazi. Nguo zote zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, na zana zifutwe kwa spiriti na mtu aliyevaa glavu. Glavu nyembamba za mpira hazitoshi, maana urushioli huzipenya. Za vinaili nene ndizo zinazofaa.

Hapana njia mbaya ya kuuondoa mmea huu kuliko kuuchoma. Sisi tuliozaliwa katika nchi za kilimo tumezoea kusafisha shamba kwa moto, na mazoea hayo, yakihamishiwa huko, yaweza kumwua mtu. Mafuta hupanda pamoja na chembe za masizi, na mtu akiuvuta moshi huo kile kinachotokea mkononi hutokea ndani ya koo na mapafu yake. Wazima-moto wa misitu hupatwa na balaa hii bila ya hiari yao. Aliyevuta moshi wa namna hiyo, kifua kikaanza kumbana au sauti ikamkauka, asingoje dawa ya nyumbani. Na apelekwe hospitali saa ileile.

Tena hatari yenyewe inazidi. Katika msitu wa misonobari wa Chuo Kikuu cha Duke, huko North Carolina, watafiti waliongeza hewa ya kaboni dioksidi katika sehemu za msitu kwa muda wa miaka 6, kwa kadiri inayotazamiwa kuwapo duniani kabla ya karne hii kwisha, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba poizoni aivi ilikua kwa kasi kubwa mno kuliko ile ya sehemu za kawaida, na mafuta yake yakawa makali zaidi. Matatizo ya watakaofanya kazi za mashamba na bustani katika miaka ijayo hayatakuwa madogo kuliko ya wazazi wao.

Upele ukiisha kutoka, kazi ya sabuni imekwisha, na huanza zamu ya kutuliza. Vitambaa vilivyochovywa katika maji baridi, vikawekwa juu ya malengelenge kwa robo saa, mara kadhaa kwa siku. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na unga laini wa oti. Losheni ya kalamini: haya yote hupunguza mwasho wala hayana madhara. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, iuzwayo bila ya cheti cha daktari, ni dhaifu mno kwa maradhi makali, na krimu kali zaidi, ambazo daktari huziandika, hufaa sana zikiwahi siku za mwanzo kabla ya malengelenge kujaa maji. Ziko dawa ambazo mgonjwa hushauriwa na majirani nazo zikamwongezea ugonjwa, nazo ni krimu za kupaka zenye dawa za mafua na mzio, zenye ganzi ya benzokaini, au zenye neomaisini, kwa kuwa hizo zenyewe huweza kuuzusha mzio mwingine juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka. Vidonge vya mzio vya kumeza haviuondoi mwasho huu, maana hausababishwi na kile kinachozuiliwa na vidonge hivyo. Vile vya kusinzisha humsaidia mgonjwa kulala, na kulala ni jambo kubwa kwa mtu aliyekesha siku tatu, lakini asidhani kwamba ametibiwa. Liko pia jani la mitishamba ambalo Wamarekani wengi huliamini, liotalo mabwawani karibu na mmea wenyewe, na ambalo lilipopimwa halikuonekana kuishinda sabuni ya kawaida.

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari, yaani maradhi makali yenyewe. Matabibu huyahesabu kuwa makali upele unapofunika sehemu ya tano ya mwili au zaidi, au unapokuwa usoni, machoni, au sehemu za siri, au unapomnyima mtu usingizi na kazi yake. Hapo dawa ya haki ni kotizoni ya kumeza, aghalabu predinisoni, ambayo huanzwa kwa kiasi kikubwa cha kutosha kuituliza kinga ya mwili, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili hadi matatu. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Vita vilivyomo ngozini, visipozuiwa, huendelea kwa majuma mawili au matatu mpaka mwili umeyaondoa yale yaliyoshikamana na protini zake. Na dawa haiondoi chanzo, huinyamazisha kinga tu wakati chanzo kinaisha chenyewe. Ikiondolewa mapema, kinga huamka na kukuta shabaha yake ingalipo.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kosa linalotendeka mara nyingi kuliko mengine yote, hata katika mahospitali ya kifahari, ni kumpa mgonjwa pakiti iliyofungwa tayari yenye vidonge 21 vya methilpredinisoloni, kila kimoja cha miligramu 4, vinavyomezwa kwa kupungua na kwisha katika siku 6. Siku ya pili mgonjwa hupata raha isiyosemeka. Uvimbe hushuka, macho hufunguka, na watu wa nyumbani humshukuru Mungu. Siku ya saba au ya nane maradhi hurejea, na pengine hurejea kwa ukali uliozidi ule wa kwanza. Mgonjwa hukata tamaa, akiamini kwamba ameguswa tena, au kwamba dawa haimfai, au kwamba amefanyiwa jambo na mtu. Ilhali dawa ilikuwa ndiyo, ila ilitolewa kidogo na ikakatizwa kabla ya wakati wake. Mtu aliyeandikiwa pakiti hiyo kwa maradhi makali ana haki ya kumwuliza tabibu kwa adabu kama muda wa siku 6 utatosha, na aliyeandikiwa majuma matatu asiviache vidonge kwa kuwa tu anajiona amepona.

Lakini kotizoni haiingii katika kila mwili kwa amani, na hapa wapo wasomaji wangu ambao habari hii yawahusu kuliko inavyomhusu Mmarekani aliyezaliwa Ohio. Mwenye kisukari sharti aseme, kwa sababu sukari yake itapanda. Na mwenye shinikizo la damu au vidonda vya tumbo vilevile. Aliyepata kuugua kifua kikuu, au aliyekaa na mgonjwa wake, aseme, kwa kuwa dawa hii huweza kuviamsha vijidudu vilivyolala. Na aliyetoka katika nchi za joto, akatembea miguu mitupu juu ya udongo wenye unyevu, aweza kuwa amebeba minyoo midogo iitwayo strongiloidesi, ambayo huingia kwa njia ya ngozi na huweza kuishi mwilini miongo ya miaka bila ya dalili yoyote. Kinga ya mwili ndiyo inayoizuia. Kotizoni ikiitiisha kinga hiyo, minyoo huweza kuongezeka ghafula na kuenea mwili mzima, na ugonjwa huo huua. Tabibu wa Amerika, ambaye kila kiangazi huwaona wagonjwa wengi wa poizoni aivi waliokulia palepale, pengine hatafikiri kuuliza; kwa hiyo mgonjwa na amwambie mwenyewe alikozaliwa na alikoishi. Kuna kipimo cha damu, na kuna dawa ya minyoo hiyo, ivamekitini. Hata dawa hiyo nayo ina sharti lake kwa aliyetoka katika misitu ya Kongo, ambako yapo maambukizo ya mnyoo wa jicho, loaloa: yeye huhitaji kupimwa kwanza kwa mnyoo huo, maana ivamekitini huweza kumdhuru ubongo ikiwa damu yake imejaa vijinyoo hivyo.

Katika majuma hayo ya kungoja, adui wa pili ni kucha. Kujikuna hakuuenezi upele, kama nilivyokwisha kueleza, lakini huichana ngozi na kuwafungulia mlango vijidudu. Maumivu yakichukua mahali pa mwasho, usaha ukaonekana, pembezoni pakawa na joto na ugumu, au homa ikapanda, huo ni ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, nao hutaka dawa ya kuua bakteria. Kucha zikatwe fupi. Malengelenge makubwa yasitumbuliwe ovyo nyumbani, kwa kuwa ngozi ile iliyoinuka ndiyo inayokifunika kidonda vizuri kuliko kitambaa chochote.

Limebaki suala la ngozi nyeusi, ambalo waandishi wengi wa tiba wamelipita haraka. Picha ambazo madaktari walifundishiwa maradhi ya ngozi zilikuwa, kwa muda mrefu na kwa sehemu kubwa mno, picha za ngozi nyeupe, na wekundu unaotajwa katika kila maelezo hauonekani wazi kwenye ngozi ya mtu mweusi: mahali palipovimba huonekana pa zambarau, pa kijivu, au peusi kuliko pengine. Mgonjwa asikubali kuambiwa kwamba upele wake ni mdogo kwa sababu tu hauwiani na picha. Na aeleze mwasho, joto, uvimbe na kukosa usingizi, aonyeshe mistari ya malengelenge, na amkumbushe tabibu kwamba kipimo cha ukali ni sehemu ya mwili iliyoshikwa na mahali penyewe, rangi haimo.

Upele ukiisha kupona huacha mabaka meusi, na kwa wengine meupe, na haya huwasikitisha watu, hasa wanawake vijana walioshikwa usoni, kuliko maumivu yaliyopita. Hayo si makovu. Ni rangi ya ngozi iliyovurugwa na uvimbe, nayo hurejea yenyewe polepole katika miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi, upesi zaidi kwa mwenye kujikinga na jua kali na kupaka mafuta ya kulainisha asubuhi na jioni. Wako watakaotaka kuharakisha kwa mkorogo na krimu za kujichubua, ambazo katika miji yetu huuzwa waziwazi, nyingi zikiwa na zebaki, au haidrokwinoni isiyopimwa, au kotizoni kali iliyokusudiwa kutumiwa siku chache kwa maradhi kama haya haya tuliyoyazungumza. Ngozi iliyotoka katika vita vya majuma matatu ni nyembamba na nyepesi kudhurika, na kuipaka vitu hivyo ni kuitia katika maradhi mapya yasiyo na muda maalumu wa kupona. Baka likizidi mwaka bila ya kufifia, daktari wa ngozi anazo dawa zake, naye ndiye wa kuulizwa.